Spika nilizojitengenezea katika nyumba ya mawe, Lamu: vipimo, sanduku, krosova na makosa yote

Mwana_Langoni (mwenye uzi)

Assalam aleikum ndugu zangu. Watu watatu wameniuliza kuhusu zile spika walizozisikia kwangu siku ya Idi, nikaona badala ya kumjibu kila mmoja peke yake niandike hapa mara moja. Aliye na haraka na achukue hili tu: usinunue mbao kabla hujaipima wufa (kile kipaza cha besi chenye koni), wala usiipigie besi hesabu kabla hujakipima chumba. Mengine yote ninayoandika yametoka humo.

Jozi yangu ya kwanza niliitengeneza kwa kukisia. Wufa za inchi 6 na nusu nilizinunua duka moja Mombasa, zimebandikwa karatasi ya "wati 500". Sanduku nikalikata kwa MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 12, ukubwa wake ukafuata rafu iliyokuwepo nyumbani. Sikupima kitu. Sauti ikatoka, naam, na kwa wiki mbili nilifurahi. Kisha nikaanza kusikia kasoro: besi ilikuwa ya noti moja. Apige udi, apige gitaa la besi, apige ngoma, ni ile bumm moja tu, kama mtu anayegonga pipa tupu chumba cha pili. Ilipofika masika na upepo wa kusi, MDF ikanywa unyevu, kingo zikavimba kama mkate wa mofa uliomwagikiwa chai, na skrubu zikaachia. Nikalivunja lote.

Sasa sababu ya ile bumm. Koni ya wufa imening'inia kwenye ukingo wa mpira na kitambaa cha nyuma, kwa hiyo ina mnyumbuko wake na uzito wake, na kila kitu cha namna hiyo kina mtikisiko wake wa asili. Huo huitwa Fs. Ukiifungia sandukuni, hewa iliyo ndani nayo inakuwa springi ya pili. Sanduku dogo, springi ngumu. Sanduku kubwa, springi laini. Kuna kipimo cha pili, Qts, kinachoonyesha jinsi sumaku na koili (waya uliosukwa nyuma ya koni) zinavyoituliza koni isiendelee kucheza baada ya sauti kukoma. Na cha tatu ni Vas, yaani ni lita ngapi za hewa zenye ulaini sawa na ule wa mning'inio wa koni. Ukivijua hivyo vitatu, sanduku unalipata kwa hesabu. Elimu hii ilipangwa na Neville Thiele, Mwaustralia, katika makala yake ya 1961, kisha Richard Small akaikamilisha miaka ya 1970 mwanzoni. Kabla yao mafundi walikuwa wakijenga, wakisikiliza, wakibomoa, wakijenga tena. Mimi miaka sitini baadaye nilikuwa bado nafanya vivyo hivyo.

Jozi ya pili nimeipima. Naanza na vipimo, kwa sababu najua wengi hapa mna multimita tu, na multimita inatosha.

Mwana_Langoni

Vipimo. Unahitaji amplifaya yoyote, simu yenye programu ya kutoa toni (zipo za bure), multimita, rizista moja ya omu 1000 na moja ya omu 10.

Unganisha rizista ya 1000 kwa mfuatano na wufa kutoka kwenye amplifaya. Wufa iwe hewani, haijafungwa popote. Mimi niliitundika kwa kamba kwenye boriti la dari ili sumaku isiguse meza. Kabla ya kuiweka wufa, weka pale pale pake ile rizista ya omu 10 na upandishe sauti mpaka multimita isome milivolti 50. Basi kuanzia hapo usiguse tena kitasa cha sauti: kila milivolti 5 ni omu moja. Sasa itoe rizista, irudishe wufa, na anza toni ya Hz 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde) ukipanda polepole.

Namba za wufa yangu ndizo hizi. Ukinzani wa koili kwa betri ya multimita, omu 6. Nilipopanda toni, usomaji ukapanda, ukapanda, ukafika kilele cha milivolti 240, yaani omu 48, pale Hz 40, kisha ukaanza kushuka. Pale kwenye kilele koni inatikisika yenyewe kwa raha kabisa, unaiona kwa macho. Basi Fs yangu ni 40.

Qts: gawa 48 kwa 6, unapata 8. Kipeuo cha pili cha 8 ni 2.83. Zidisha 6 kwa 2.83, ni omu 17. Tafuta toni mbili, moja chini ya 40 na moja juu yake, ambapo multimita inasoma omu 17. Kwangu zilikuwa Hz 25 na Hz 63. Ili kujua hukukosea, zidisha 25 kwa 63 na utafute kipeuo cha pili. Kikija karibu na 40 basi umepima sawa. Toa 25 katika 63, unabaki na 38. Zidisha 40 kwa 2.83, gawa kwa 38, unapata karibu 2.98. Gawa hiyo kwa 8: Qts ni 0.37.

Vas ndiyo iliyonipa tabu, maana inataka kuongeza uzito unaojulikana kwenye koni. Nilichukua udongo wa kuchezea watoto nikaenda nao kwa sonara, akanipimia gramu 10 kwenye mizani yake ya fedha. Hii ndiyo faida ya kukaa mji wenye masonara. Udongo ule nikauviringisha kama ushanga mwembamba na kuubandika kuzunguka kofia ya katikati ya koni, nikapima tena. Fs ikashuka kutoka 40 mpaka 31. Gawa 40 kwa 31, ipige kwa yenyewe, toa 1, kisha gawa gramu 10 kwa jibu hilo: koni yenyewe ina uzito wa kama gramu 15. Kutoka hapo, pamoja na kipenyo cha koni cha sentimita 13 (pima kutoka katikati ya ukingo wa mpira mmoja hadi katikati ya mwingine, usipime fremu), hesabu inakuja lita 26.

Zile wufa za "wati 500" nilizipima pia kwa namna hiyo hiyo. Qts yake ilikuwa juu ya 1. Sumaku hafifu. Hakuna sanduku la kawaida lingeweza kuituliza.

binti_wa_Mkomani

Shukrani kaka. Nilikuwa naogopa sana hizo namba nikidhani zinataka mashine za maabara. Swali: mimi wufa zangu nimezitoa kwenye redio kubwa ya marehemu babu, za miaka ya themanini. Ukingo wake ni sponji na ukigusa unamegeka vidole vikabaki vyeusi. Zinafaa kupimwa?

Mwana_Langoni

Dada, usizipime bado, zitakupa namba za uongo. Ule sponji ndio sehemu ya mning'inio. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu sponji huoza hata kama spika haikupigwa hata siku moja. Koili na sumaku mara nyingi huwa nzima. Tafuta ukingo wa mpira wa kipenyo kile kile. Nairobi kule Luthuli unaweza kupata, ubandike, uache siku mbili, kisha ndipo upime. Ukiweza, usizitupe za babu. Kabla ya kufunga ukingo mpya, isukume koni kwa vidole vinne, taratibu, juu na chini: ukisikia mkwaruzo basi koili imepata kutu au imepinda, na hapo ndipo pa kuziacha.

Bomba_la_Tanga

Ndugu, kwa namba hizo ulichagua sanduku gani, lililozibwa au lenye tundu?

Mwana_Langoni

Nilizipiga hesabu zote mbili. Lililozibwa lilitaka lita 10 tu, na besi yake ingeanza kushuka Hz 76. Lenye tundu lilitaka lita 22, bomba la tundu hilo likikatwa litikisike Hz 41, na besi ingefika karibu Hz 42. Nani angeacha 42 akachukua 76? Mimi sikuacha. Nikajenga la lita 22. Subirini mwisho wake.

Vipimo vya ndani: upana sentimita 18, kina 27, kimo 48. Hiyo ni lita 23 na kidogo, na hicho kidogo na lita moja nzima huliwa na sumaku, bomba na mwamba wa ndani. Bomba ni PVC ya maji, kipenyo cha ndani sentimita 5, urefu sentimita 12 na nusu. Nilikata 15 kwanza nikapunguza kidogo kidogo, maana bomba refu unalifupisha lakini fupi hulirefushi.

Kuhusu mbao, nimehamia plaiwudi ya baharini ya milimita 18, ile wanayotumia waunda boti. Bei yake inauma. Lakini imepita masika mawili sasa na mraba bado ni mraba. Gundi ni epoksi. Katikati nimepitisha mwamba wa plaiwudi wenye matundu, unaounganisha ubavu na ubavu. Ukigonga ubavu kwa kifundo cha kidole, bila mwamba unasikia "duu", ukiuweka unasikia "tk". Skrubu ni za shaba nyeupe, kwa sababu za chuma hapa hazimalizi mwaka bila kulia machozi mekundu.

Mzee_wa_Matondoni

Wanangu nimewasoma. Mimi si mtu wa spika, ni mtu wa vyombo, nimeunda mashua tangu ujana wangu. Nataka kuuliza: hilo sanduku lako unajuaje halivuji? Sisi chombo hakitiwi majini mpaka kimekalafatiwa, pamba na mafuta, kila mshono. Na hewa ni nyembamba kuliko maji, hupita pasipopita maji.

Mwana_Langoni

Shikamoo mzee. Hilo ndilo swali ambalo vijana wengi hawaulizi. Nilifanya hivi: usiku, nikazima taa zote, nikatia tochi ya simu ndani ya sanduku kabla ya kufunga wufa, nikaziba tundu la wufa kwa ubao. Mshono mmoja wa nyuma, chini kabisa, ukaonyesha mstari wa mwanga mwembamba kama uzi wa hariri. Macho hayakuuona mchana. Nikaujaza epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kuzunguka fremu ya wufa nimekata pete ya mpira wa kandambili zilizookotwa ufukweni, zile zile zilizofunika ile Flipflopi, chombo cha plastiki kilichoteremshwa majini hapa kwetu 2018. Mpira ule ni laini, unajaza kila bonde, na haunyonyi maji.

Mzee_wa_Matondoni

Marahaba. Hapo umefanya kazi ya kiume. Na kingo za plaiwudi uzipake mafuta, usiziache wazi. Plaiwudi hunywa kwa mdomo, hainywi kwa tumbo.

fundi_redio_254

Naomba upande wa krosova tafadhali. Watu wengi wanafunga kapasita moja kwenye tuita na kuiacha wufa ipige kila kitu.

Mwana_Langoni

Krosova ndiyo inayogawa sauti, nzito ziende kwa wufa na nyembamba kwa tuita, kile kispika kidogo. Nimeweka mpaka wao kwenye Hz 2500, na sababu iko kwenye kipenyo. Wimbi la sauti lenye urefu wa sentimita 13 ni kama Hz 2700 kwa joto letu la nyuzi 30, sauti ikisafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Ukipita hapo, koni ya sentimita 13 inaanza kurusha sauti mbele tu kama tochi, na aliyekaa pembeni anapoteza maneno ya mwimbaji. Kwa hiyo wufa iachie kazi kabla ya hapo.

Nimetumia mpangilio wa Linkwitz na Riley, ambao Linkwitz aliuchapisha 1976, wa daraja la pili. Kwa omu 8 na Hz 2500 unapata kapasita ya maikrofaradi 4 na koili ya milihenri 1, mbili mbili kwa kila spika. Katika mpangilio huu tuita hufungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Ukisahau, pale kwenye mpaka sauti mbili zinauana na kunakuwa na shimo, na sauti za wanawake zinasikika kama zimewekwa nyuma ya pazia. Kujua chanya ya wufa ambayo haina alama, gusa kwa betri ya volti 1.5, mara moja tu: koni ikiruka nje, chanya ya betri iko kwenye chanya ya wufa. Tuita usiiguse kwa betri.

Koili nilizisuka mwenyewe. Waya wa shaba uliopakwa vanishi, unene milimita 1, niliupata kwa fundi wa kusuka mota. Kigurudumu ni kipande cha bomba la sentimita 3 kwa nje, nafasi ya kusukia sentimita 2 na nusu, na kuta za plaiwudi nyembamba. Mizunguko 190. Waya ulikwenda mita 23 na ukinzani wake ukawa nusu omu. Suka kwa kuvuta. Mimi ya kwanza niliisuka kwa kulegea na ilikuwa ikiimba yenyewe, unasikia kasauti kembamba kutoka nyuma ya sanduku. Na koili mbili zisikae zikitazamana: moja ilaze, moja isimamishe, na ziachane kama shubiri moja.

Tuita yangu ilikuwa na sauti ya juu kuliko wufa. Rizista ya omu 3.3 kwa mfuatano na ya omu 10 kwa sambamba, zote za wati 10, zikaishusha karibu desibeli 5. Namba za kitabu zinadhani wufa ni omu 8 tambarare, na hakuna wufa ya hivyo, kwa hiyo baada ya kufunga nilipima kwa maikrofoni ya kupimia na programu ya REW kwenye kompyuta, nikabadilisha kapasita moja ya upande wa wufa kutoka 4 hadi 6.8. Programu ni ya bure. Maikrofoni niliazima.

fundi_redio_254

Asante sana. Hiyo ya koili kulala na kusimama nimeijua leo, na nimefanya kazi hii miaka kumi na moja.

Shela_Upepo

Stendi umejaza nini? Naona kwenye picha ni nzito. Kama ni mchanga, tafadhali usiwe wa vilima vya Shela. Vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa kizima, na kila ndoo inayochotwa pale ni deni kwa visima vyetu.

Mwana_Langoni

Si wa Shela, dada au kaka, naapa. Ni mchanga uliobaki kwenye ujenzi wa jirani, umeletwa kwa jahazi. Niliuosha mara tatu kwa maji baridi na kuuanika juani, kwa sababu mchanga wenye chumvi huvuta unyevu na kula chuma cha stendi kwa ndani. Umefanya vyema kusema, na wengine wasome hapo.

Kimo cha stendi nimekipata kwa kukaa. Kwetu tunakaa kwenye magodoro chini, si kwenye makochi, na sikio langu liko sentimita 78 kutoka sakafuni. Tuita iko hapo hapo. Stendi za dukani zimekusudiwa mtu wa kochi, zitakupigia juu ya kichwa.

Bomba_la_Tanga

Ulisema tusubiri mwisho wa lile tundu.

Mwana_Langoni

Naam. Hili ndilo lililonifanya niandike uzi wote huu.

Spika nilizimaliza nikazijaribu kiwandani, uani pale palipo wazi juu. Besi ilikuwa safi, unasikia kila uzi wa udi ukitetema na kunyamaza. Nilikaa pale mpaka adhana ya Isha. Kesho yake nikazipandisha msana wa yuu, chumba chetu cha kukaa. Besi ikaharibika. Bumm ilirudi! Si ile ya noti moja ya zamani, hii ilikuwa nene zaidi, unaisikia kifuani, na inazifunika noti za jirani. Nilidhani gundi imeachia. Nikazifungua, nikazikagua, ziko nzima.

Ndipo nikachukua futi nikapima chumba. Mnazijua nyumba zetu za mawe: upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, na boriti la mkoko halibebi dari la chokaa na mawe kwa masafa marefu. Kwa hiyo chumba ni chembamba na kirefu. Changu kina upana wa mita 2.6, urefu mita 7, kimo mita 3.6. Sauti ikienda na kurudi kati ya kuta mbili hujijenga pale ambapo nusu ya wimbi inaingia sawasawa kati yake. Gawa 349 kwa mara mbili ya umbali. Upana unatoa Hz 67. Kimo kinatoa Hz 48. Urefu unatoa Hz 25, na mara yake ya pili ni Hz 50.

Angalieni: 48 na 50. Dari na urefu wa chumba vinapiga noti moja. Na kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe, nene kuliko urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, hazitikisiki, hazili besi hata kidogo, zinairudisha yote. Nyumba ya mbao au ya paa la makuti ingeivujisha nje. Hii inaitunza kama birika. Mimi nilikuwa nimejenga sanduku linalosukuma Hz 42 hadi 50 kwa nguvu zote, nikalileta kwenye chumba kinachozisubiri Hz 50 kwa hamu.

Nilijaribu kuzisogeza. Zilikuwa kwenye ukuta mrefu, nikazihamishia kwenye ukuta mfupi, mita moja na robo kutoka nyuma. Ikapungua. Kisha nikachukua soksi mbili nene za pamba, nikazikunja, nikaziba mabomba yote mawili. Bomba nililolikata kwa milimita, nikaliziba.

Besi ikakaa. Hesabu inaeleza kwa nini. Lita 22 zikizibwa, kwa wufa hii, zinashuka polepole sana: kwenye Hz 50 sauti ya spika yenyewe iko chini kama desibeli 7. Chumba kinaongeza pale pale ilipopungua. Spika inashuka, chumba kinapandisha, na sikio linapata mstari. Wala sikupoteza udi, kwa sababu uzi wake mzito kwa kawaida hauendi chini ya Hz 65 hivi, na ngoma bado inasikika kwa sababu chumba kinainyanyua.

Ningepima chumba kwanza, ningejenga sanduku lililozibwa tangu siku ya kwanza, na ningeokoa plaiwudi.

binti_wa_Mkomani

Kaka, nina swali la zidaka, zile shubaka za ukutani. Ndani kwetu ukuta wa mwisho wote ni zidaka za chokaa, za zamani. Mama anataka spika zikae mle zidakani ili zisile nafasi. Nimkatalie?

Mwana_Langoni

Mkatalie kwa adabu. Spika ikiingia kwenye kidaka inakuwa ndani ya kisanduku cha pili cha mawe, besi itavimba na maneno yatakuwa kama yanatoka kisimani. Lakini mwambie mama zidaka zile ni hazina: ukuta wenye mabonde ya vina tofauti unatawanya sauti nyembamba kila upande badala ya kuirudisha kama kioo. Weka spika upande wa pili, zielekee zidaka, na ukae wewe katikati na zidaka mgongoni kwako. Vile vyombo vya kaure vya mama viache humo humo, ila uvikalishe juu ya kitambaa visigongane. Mimi kuta zangu ni tupu, na nimelazimika kutundika mikeka miwili ya ukili pembeni.

Malindi_Bila_Kelele

Salamu kutoka Malindi. Nimeufuata uzi huu wiki tatu kimya kimya, nimejenga kama ulivyoeleza, wufa zangu nimezipima zikaja karibu sana na zako: Fs 41, Qts 0.36, Vas lita 25. Nimetumia vipimo vyako vyote, na soksi nikaziweka tangu mwanzo. Sauti ni safi sana, nashukuru, lakini besi hakuna. Nimekaa mbele yake mpaka nimechoka. Ngoma inasikika kama mtu anagonga kitabu.

Mwana_Langoni

Pole bwana. Kabla sijasema kitu, niambie nyumba yako ikoje.

Malindi_Bila_Kelele

Baraza kubwa, paa la makuti, juu sana, kama mita 6 katikati. Kuta ni za kimo cha kiuno pande mbili, kisha wazi mpaka makuti. Upepo unapita tu. Upande wa nyuma ndio kuna ukuta kamili wa mawe.

Mwana_Langoni

Basi toa soksi. Leo hii. Nyumba yako haina ukuta wa kurudisha besi, kila unachokitoa kinakwenda baharini. Wewe ndiye mwenye haki na lile bomba la sentimita 12 na nusu. Kwa namba zako liache hivyo hivyo, tofauti ni ndogo. Kisha zisogeze spika karibu na ule ukuta wa nyuma, shubiri mbili tu, ukuta wenyewe utakusaidia chini. Jambo moja la kuchunga: uwazi ule utakushawishi upandishe sauti, na bomba la sentimita 5 likisukumwa sana hewa inaanza kufoka, unasikia "fff" kwenye kila ngoma. Zungushia midomo ya bomba msasa mpaka iwe ya mviringo, nje na ndani. Na kwa kuwa uko wazi, zifunike kwa kitambaa usipozitumia. Kitambaa cha mbele chukua chandarua. Weka mdomoni upulize, kama pumzi inapita bila kizuizi, sauti nayo itapita. Leso usitumie, imeshonana mno.

Malindi_Bila_Kelele

Nimetoa soksi jana alasiri. Nimezisogeza ukutani. Baba yangu alikuwa amelala kitandani barazani, ana miaka themanini na mbili na amepiga matari ya maulidi tangu utotoni. Nikaweka kaseti yake ya zamani niliyoihamishia kwenye simu. Aliamka, hakusema kitu, akawa anapiga kwa kiganja kwenye fremu ya kitanda, pale pale tari lilipopiga. Kisha akauliza nani amekuja na ngoma.

fundi_redio_254

Mashaallah. Naomba utuwekee picha ya mdomo wa bomba ulivyouzungusha, nataka kumwonyesha kijana wangu.

Malindi_Bila_Kelele

Kesho nikipata mwanga mzuri. Leo baba hataki nizizime.